Uso wa Saa Nne

Saa nne kasoro dakika mbili asubuhi, ghorofa ya tatu ya Benki ya Sato, watu wote waliacha kuchapa. Hakuna aliyewaambia waache. Vidole vilisimama vyenyewe, kama mvua inavyokatika ghafla juu ya bati, na Inspekta Akelo akaanza kusikia kiyoyozi kinavyohema ukutani.

"Ndo muda wake," alinong'ona Mashimba, mkuu wa mifumo. "Angalia hapo mezani, afande."

Benki ya Sato haina dirisha wala foleni. Ni benki ya kwenye simu tu. Unapakua app yenye picha ya samaki, unaionyesha uso wako, inakufungulia. App hiyo ilitengenezwa na developa sita wa chumba hiki, na kwenye meza ya katikati walikuwa wamepanga simu za majaribio kumi na moja, kuanzia vitochi vya kisasa vya bei chee mpaka zile za wenye nazo, ili wakibadilisha kitu waone kama kinakubali kwenye zote. Zilikuwa zimelala chali, vioo vyeusi tii.

Halafu zikawaka. Zote. Kwa mpigo.

"Karibu tena, Venant," zikasema.

Sasa sikia. Venant alikuwa developa wa hapo, ndiye aliyetengeneza hicho kitu cha kutambua uso. Akaunti yake ndiyo iliyoingizwa kwenye simu zote za majaribio. Na Venant huyo alikuwa makaburini Mkolani, siku ya tisa leo, baada ya kuokotwa akielea kwenye mawe ya Igogo, kisogo kimepasuliwa. Akelo mwenyewe alisimama pale akaona udongo ukirudishwa. Na ile sauti tamu ya kumkaribisha marehemu ilikuwa ya Winnie, developa mwenzake, aliyeirekodi kwa ajili ya wateja wasiojua kusoma. Winnie naye alikuwa mahabusu kituo cha kati. Kosa lake? Kumuua huyo huyo anayemkaribisha.

Dada mmoja pembeni alifanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye kioo chake. Kiti cha Venant walikuwa wamekigeuzia ukutani.

"Fungua video ya huyo aliyeingia," Akelo alisema.

Mashimba akafungua kwenye laptopu. App hiyo haikubali picha ya kawaida, maana picha mtu anaiba. Inataka uso ulio hai, kwa hiyo inatoa amri na wewe unatii. Geuka kushoto. Uso wa Venant ukageuka kushoto. Geuka kulia. Ukageuka. Fumba macho. Ukafumba, na ndivyo Akelo alivyouona mara ya mwisho kwenye jeneza, umefumba hivyo hivyo. Fumbua. Ukafumbua.

Tabasamu.

Marehemu akatabasamu. Yaani midomo tu. Macho hayakuwemo kabisa kwenye hilo tabasamu.

Nyuma yake kulikuwa na jiwe kubwa lenye michirizi myeupe ya vinyesi vya ndege, na kipande cha anga. Ndege mmoja mweusi, shingo ndefu, alitua juu ya jiwe, akapanua mabawa kuyaanika. Video ikaisha.

"Ni video moja inarudiwa?"

"Ndivyo tulivyofikiri mwanzo," Mashimba alisema.

"Niwekee ya siku ya kwanza na hii ya leo. Zikae pamoja."

Akaziweka. Ya siku ya kwanza kidevu kimenyolewa safi. Ya leo kina ndevu za siku kumi.

"Wanasema maiti huota ndevu," Mashimba alisema, sauti imeshuka.

"Wanasema. Mimi nimeziona nyingi, Bwana Mashimba. Haziwi na ndevu mpya, na ukiiambia igeuke haigeuki." Akelo aliinama karibu na kioo. "Siku kumi anawatokea. Mbona mmetupigia jana?"

"Nani angetuamini, afande? Ungekuja?"

"Na kwa nini hamjamfungia?"

"Tukimfungia hatumwoni tena." Mashimba alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, ila leo alikuwa anaikunjakunja ncha ya tai kama mtoto. "Hilo jiwe. Nyie si mnaweza kujua ni wapi?"

"Mwanza hii? Kila nyumba ina jiwe."

"Ndege je? Yule ndege wa aina gani?"

"Simu yake haiwaonyeshi alipo?"

"Ameizuia. App kaitengeneza yeye, anajua pa kujificha."

Akelo akaugeukia ule upande wa yule dada. "Wewe mwanangu. Huyu anaingia, anakaa dakika moja, hagusi kitu, anatoka. Anatafuta nini?"

Dada alimtazama bosi wake kwanza. "Anaulisha ufunguo, afande. Mfanyakazi ana ufunguo wake kwenye mfumo. Usipouonyesha uso saa ishirini na nne zikapita, mfumo unakufuta. Wewe na kila ulichohifadhi humo."

"Kwa hiyo ana kitu humo hataki kifutike."

"Modesta, endelea na kazi," Mashimba alisema.

Modesta akaendelea na kazi.

Mashimba alimsindikiza Akelo mpaka kwenye lifti. "Mkijua ni wapi," alisema, mlango ukiwa unajifunga, "nipigie mimi kwanza. Saa yoyote."

Chini, Sajenti Nathaniel alikuwa ameegemea gari la polisi anamenya muwa. Mhaya wa Muleba, mwili jumba, roho ya kuku. Akelo akamsimulia. Muwa ukaishia njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Afande, mimi hii kesi naomba unitoe."

"Nikutoe nikupeleke wapi?"

"Hata trafiki. Magari hayafufuki." Akafuta mikono kwenye suruali. "Halafu subiri kwanza. Kama yule yupo hai, sisi tulimzika nani?"

"Hilo ndo swali. Lete faili."

Akelo alisoma akiwa amesimama, karatasi zikipeperushwa na upepo wa ziwani. Ushahidi dhidi ya Winnie ulikuwa wa kuazima: waligombana ofisini mchana ule mbele ya watu, na simu ya mwisho kumpigia Venant ilitoka kwake. Basi. Lakini mkuu wa upelelezi alishaamua, na kesho saa tatu asubuhi binti anapandishwa mahakamani. Mauaji hayana dhamana. Akishaingia rumande kwa shtaka hilo, kumtoa ni habari ya miezi, au miaka. Na alikuwa na mimba ya miezi saba.

Akafika kwenye ripoti ya daktari. Alikuwa ameshaisoma mara mbili, ila safari hii akaisoma kama mtu asiyemjua marehemu. Mwanaume, miaka thelathini hivi. Pigo la kitu kizito kisogoni. Viganja vyote vina sugu nene. Makovu ya kukatwa na uzi, kama wa ndoano, kwenye vidole, ya zamani.

Akamshika Nathaniel mkono, akaugeuza kiganja juu.

"Afande?"

"Mtu anayebonyeza kompyuta tangu chuo, sugu anazitoa wapi?"

"Labda alikuwa analima."

"Venant? Mama yake alisema hata jembe la kuchimbia kaburi la babu yake lilimshinda." Akaurusha mkono wa sajenti. "Washa gari. Mkolani."

Nyumba ya mama yake Venant ilikuwa imebanana katikati ya mawe mawili makubwa, moja limeegemea jingine, yaani ukiingia uani unatamani kuinamisha kichwa. Mikeka ya msiba ilishakunjwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua dagaa kwenye ungo. Mchanga huku, dagaa huku. Hakusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mmemwachia yule binti?"

Swali lilikuja haraka mno. Akelo akaliweka akilini, akavuta stuli. Nathaniel alibaki getini, hakutaka kuingia chini ya yale mawe hata kwa kuitwa.

"Bado. Mama, nimekuja nikuulize. Venant aliwahi kuvua samaki?"

"Venant? Maji yenyewe alikuwa anayaogopa." Mama akainua sauti kuelekea jikoni. "We Shija! Mletee mgeni maji!"

Akatoka binti wa miaka ishirini na kitu, kikombe mkononi. Akelo alimjua, alimwandikia maelezo siku ya msiba. Jina alilotoa lilikuwa Rebeka.

"Shija nani?" Akelo aliuliza.

"Huyu huyu. Rebeka ni la kanisani."

Akelo akapokea kikombe. Hakunywa.

"Mama, mimi kwetu Rorya. Naitwa Akelo. Unajua kwa Wajaluo Akelo ni nani?"

"Sijui, mwanangu."

"Ni msichana aliyezaliwa nyuma ya mapacha. Kaka zangu ni Opiyo na Odongo. Nikitaja jina langu tu, Mjaluo yeyote anajua nyumbani kwetu kuna mapacha, hata kama hajawahi kuwaona. Polisi wenzangu walioishika hii kesi wametoka mikoa mingine, na huyo wa getini Mhaya. Hata wangesikia Shija, wangeandika Shija, basi. Mimi nina miaka kumi na mbili na Wasukuma. Sasa niambie wewe. Shija ni nani?"

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. Huko juu, upepo ulipita kati ya yale mawe mawili, ukatoa mlio kama mtu anayepuliza chupa.

Aliyejibu ni binti. "Shija ni anayefuata mapacha."

"Nyamaza!"

"Mama, anajua tayari."

"Mapacha ni Kulwa na Doto," Akelo alisema taratibu. "Venant ni yupi?"

Dagaa mmoja, wa pili, wa tatu. Mama aliendelea kuchambua.

"Kulwa," alisema mwishoni. "Baba yao alipofariki walikuwa na miaka mitatu. Sikuwa na uwezo. Nikabaki na Kulwa, Doto akalelewa na dada yangu kisiwani. Mmoja akaenda shule, mmoja akaenda majini. Hapa mtaani nimehamia juzi tu, nani angejua? Doto akija watu wanasema Venant kachomwa na jua." Akataka kucheka, ikashindikana. "Siku ile alikuja kutuletea samaki. Mvua ikamkuta. Mwenzake akampa koti lake la kazini, lenye lile lisamaki mgongoni. Akaondoka nalo kwenda mwalo wa Igogo kupanda boti."

"Na pale mochwari?"

"Walifunua uso. Mimi nikashika mikono." Akakung'uta ungo. "Nikasema ndiyo, ni Venant."

"Kwa nini, mama?"

"Maana Venant alishanipigia, alivyosikia eti yeye ndiye kaokotwa amekufa. Mama, wamemuua Doto, walinitaka mimi. Akasema bosi wake ana ufunguo wa nyumba za watu wote. Anaingia kwenye simu ya mteja anayemtaka, anaona yuko wapi, anaongea na nani, na mwenye simu hajui. Venant ameuona huo ufunguo, ameandika kila kitu, amekiweka humo humo benki. Akinyamaza siku moja kinafutika. Kwa hiyo kila siku anajionyesha. Bosi anamwona, ila hajui alipo. Akaniambia, mama, ukisema siyo mimi niliyekufa, polisi watanitafuta. Na yule atawafuata polisi nyuma nyuma, kama fisi nyuma ya simba."

Bosi.

Akelo aliweka kikombe chini. Leo alikuwa ameongea na wanaume wawili kuhusu huu uso. Nathaniel, pamoja na uoga wake wote, alifika kwenye swali lenyewe kabla muwa haujakauka: sisi tulimzika nani? Mtu yeyote angeuliza. Mashimba alitaka kujua jiwe, akataka kujua ndege. Maiti ya mtu asiyejulikana imezikwa kwa jina la mfanyakazi wake, na hilo halikumsumbua hata kidogo.

Fisi mwenyewe ndiye aliyempigia simba simu.

"Na Winnie?" Akelo aliuliza. "Venant anajua yuko ndani?"

Mama hakuinua uso.

"Hajui," Rebeka alisema. "Tulimwambia uchunguzi unaendelea."

"Angejua angerudi!" Mama alirusha ungo, dagaa wakatawanyika uani. "Winnie ni mtu wake, ile mimba ni ya kwake! Waligombana kwa sababu alimkataza asimguse bosi! Nilizaa watatu mimi. Mmoja nimemfukia, mmoja anawindwa. Wewe ungesema?"

Akelo alisogeza stuli mbele. "Sijui ningefanya nini, mama. Ninachojua, kesho saa tatu mjukuu wako anaingia rumande akiwa tumboni. Na fisi ameshachoka kunisubiri. Niambie jiwe lile liko wapi."

Akaambiwa. Kisiwa cha dada yake, alikolelewa Doto, saa moja kwa boti ya injini. Mtandao haushiki mpaka upande jiwe wanakolala mnandi, wale ndege weusi. Akelo akaenda getini mbio, akampa Nathaniel maelekezo na namba ya polisi wanamaji.

"Boti, afande? Mimi na maji..."

"Trafiki au boti?"

Nathaniel akaondoka, vumbi likabaki.

Wakasubiri. Saa sita. Saa sita na nusu. Jua lilikuwa utosini lakini kwenye huo ua, chini ya mawe, mwanga ulikuwa wa jioni jioni. Rebeka aliokota dagaa mmoja mmoja. Kila upepo ulipopuliza ile chupa yake, wote watatu waliangalia juu.

Saa saba kasoro simu ya Akelo iliita. Mashimba.

"Afande! Umefika wapi?"

"Nipo kwa mama. Anasema ni mzimu."

"Wazee bwana." Akacheka. "Hajataja sehemu?"

"Sehemu ya nini, Bwana Mashimba?"

"Si nakuuliza tu. Unajua wale ndege ni mnandi? Nimewaulizia kwa wavuvi hapa Igogo. Wanasema wanalala kisiwa kimoja tu upande huu."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo mwingi. Na kitu kingine. Akelo alibana sikio la pili kwa kidole. Injini. Injini ya boti inayopiga maji, inapanda wimbi, inashuka.

"Upo ofisini?" aliuliza.

"Nimetoka kidogo kupunga hewa."

Simu ikakatika. Akelo akapiga kwa Nathaniel. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Kwa polisi wanamaji wakamwambia boti ilishaondoka, muda sana, ila kule afande mtandao hakuna mpaka mtu apande jiwe.

"Ni yeye?" mama aliuliza.

"Kaa chini, mama."

"Ni yeye. Yuko majini."

Akelo hakudanganya. Mama akakaa, akaanza kuongea Kisukuma kwa sauti ndogo, si na yeye wala binti. Dakika ishirini. Arobaini. Hakuna mtu humo aliyegusa maji ya kunywa.

Simu ilipoita, Akelo aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Alichosikia mwanzo ni ndege wanapiga kelele, halafu mtu anahema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima.

"Afande. Niko. Juu ya jiwe."

"Nathaniel! Sema!"

"Tunaye. Yupo hapa pembeni yangu, mzima, ana njaa tu. Kwanza nilimshika mkono kuhakikisha ana joto." Akahema. "Halafu kuna mwenzake tumemkuta anashuka kwenye boti ya kukodi. Shati safi. Ana nondo kwenye begi la laptopu. Anasema amekuja kutusaidia."

"Na ulimwambia nini?"

"Nimempiga pingu, afande. Nimemwambia asante."

Akelo aliwapa mama na binti ishara ya kichwa. "Mpe Venant simu."

Akelo akampa mama simu yake. Mama aliishika kwa mikono miwili, akasikiliza, akasema neno moja tu, "Kulwa," halafu akasikiliza tena. Mwishowe akasema, "Winnie wamemfunga, baba. Nilikuficha. Nisamehe." Akelo hakusikia jibu, na mama hakulisema. Alirudisha simu, uso umemshuka kama nguo iliyoloa.

"Sasa nahitaji maelezo yako," Akelo alisema, akafungua daftari juu ya goti. "Ukisaini, leo hii nayapeleka kituoni, Venant mwenyewe anaingia nyuma yangu, na Winnie hapandi mahakamani kesho. Ila ujue ulimdanganya daktari na polisi. Hilo nalo nitaliandika."

"Andika."

"Mwili ulioutambua tarehe ile mochwari. Jina la marehemu?"

Rebeka akasogea, akamshika mama bega.

"Sijamlilia," mama alisema. "Siku zote hizi. Watu wanalia Venant, Venant, na mimi niko hapo katikati. Ningemlilia vipi mtoto wangu kwa jina la mwenzake?"

"Jina la marehemu, mama."

"Doto," alisema. "Doto Mayala."

Akelo akaandika. Kalamu ilikuwa bado kwenye herufi ya mwisho mama alipopiga yowe, refu, la kutoka chini kabisa, likagonga jiwe moja likarudi likagonga la pili. Doto! Doto wangu! Milango ikafunguka mtaa mzima. Wanawake wakaingia uani wanakimbia, wa mbele mikono imejaa unga wa ugali.

"Mama Venant! Kuna nini tena? Si tulishazika?"

Mama alikuwa ameshalala chini, shavu kwenye mchanga.

"Mlizika nyie," alisema. "Mimi ndo naanza."

Wakatazamana. Halafu yule mwenye unga akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kutandika mkeka.